Kaseti Niliyomwagiza Sharifu

Jumamosi, 6 Julai 2024

Baridi! Ukungu umekaa mpaka adhuhuri. Nimeshona sare mbili tu, vidole vimekufa ganzi.

Asha kanunua spika ndogo ya bluetooth. Binti yangu anatamba — taja wimbo wowote, mama! Nikataja mmoja, ukaja. Wa pili, ukaja hapo hapo. Nikakumbuka tulivyozihangaikia nyimbo hizo hizo. Unanunua kaseti tupu, unampa Sharifu, utingo wa lori la kabichi. Anakwenda nayo Dar, anakurekodia Kariakoo. Wewe unasubiri. Lori likipiga honi pale kona ya Magamba — moyo huo! Na betri nazo zimeisha, unazianika juani kama mahindi.

Nikataja ile bendi ya vijana wa mashamba ya chai. Asha kaandika jina, kaandika na kiitikio nilivyomwimbia. Hakuna. Kajaribu tena. Hakuna kabisa!

Nimefurahi. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 8 Julai

Jirani yangu Elizabeti kaleta gauni la kupunguza kiuno. Nikamwambia habari ya wimbo. Kasema muulize Sharifu, si yuko Mombo, anauza matairi ya mtumba karibu na stendi. Eti kaseti zimejaa nyumbani hadi uvunguni. Anaishi peke yake. Mkewe alifariki, watoto wako Tanga.

Nilidhani alihamia Dar. Kumbe yuko hapo chini tu!

Mwaka 88 nilimpa kaseti tupu, anirekodie bendi ile ile. Kabla hajarudi nikaozwa Bumbuli. Nikazaa, nikafiwa na mume, nikarudi Magamba. Kaseti yenyewe sikuiona.

Alhamisi, 11 Julai

Asubuhi nimemwambia Asha nakwenda Mombo kununua zipu. "Zipu zimeisha Lushoto nzima?" Nikajitia kutafuta viatu.

Joto la Mombo! Sweta nimeibeba mkononi. Nikamkuta Sharifu kainama anajaza tairi upepo. Mvi tupu. Kanizidi miaka mitatu minne — nikataka kumwamkia shikamoo, nikaona nitakuwa najitia utoto.

"Onga mshi," akanisalimia Kisambaa bila kuinua macho. "Saizi gani, mama?"

Nikasema sitafuti tairi, natafuta wimbo. Nikataja ile bendi.

Akaacha pampu. Akanitazama sana. "Saumu?"

Kumbe aliirekodi! Alipanda nayo mpaka kwetu, marehemu mama akamwambia nimeshaolewa. Akashuka nayo.

"Si ungerekodia nyimbo nyingine juu yake," nikamwambia. Maana kaseti zilikuwa shida wakati ule. Nani alikuwa anaacha kaseti ikae bure?

"Ilikuwa yako," akasema. Basi.

Hakunipa. Kasema iko nyumbani, na si kitu cha kukabidhiana stendi kama kifurushi. Jumatano ataileta mwenyewe.

Nimerudi bila zipu.

Jumapili, 14 Julai

Nimefua mapazia. Asha kauliza kuna sherehe gani. Nikamwambia yote. Nikaogopa — picha ya baba yake iko pale ukutani, inatutazama. Akaokota nguo zake, akaingia chumbani.

Jioni tunamenya viazi. Mara: "Lile gauni la kahawia usilivae, mama. Linakuzeesha."

Alhamdulillahi.

Jumatano, 17 Julai

Naandika jikoni, maji ya chai bado hayajachemka.

Kaja! Kavaa koti, kabeba redio kaseti yake na betri mpya. Kamwitikia Asha shikamoo yake vizuri, kakaa ukingoni mwa kiti. Utepe ulikuwa umelegea, akauzungusha kwa kalamu, taratibu, kama mtu anayefunga kidonda. Akabonyeza.

Kwanza mvumo tu, kama mvua inayokuja kwa mbali. Halafu magitaa. Halafu wale vijana! Nikaimba kiitikio kwa sauti — maneno siyo! Miaka yote hii nimekuwa nakosea! Asha kacheka mpaka kashika mbavu. Na mimi nikacheka, machozi yananitoka. Sharifu hakucheka. Alikuwa ananitazama tu, kama mtu aliyefikisha mzigo.

Upande wa kwanza ukaisha. Kitufe — tak! Akaitoa kaseti, hakuigeuza. Akabaki nayo mkononi.

"Mama Asha," akasema. Akajikohoza. "Saumu. Kuna upande wa pili. Nikuwekee sasa hivi, au nije nao Jumapili?"

Asha kainamia simu yake, eti hasikii.

Nikasema ngoja nilete chai. Nikakimbilia huku.

Sasa maji yanachemka. Vikombe nimeshapanga, sukari nimemwaga nusu. Aibu gani hii, mtu mzima mimi! Nawasikia wanaongea kule sebuleni, Asha anamuuliza kama anakula makande. Yeye anasema anakula sana.

Upande wa pili. Tangu mwaka 88 nautaka. Uko hapo tu, nyuma ya ukuta huu.

Sitaki auweke leo.