Mstari Katika Seli ya Kumi na Tisa

Jumatatu, 4 Machi 1985
Paneli nne za umeme wa jua leo. Naziweka juani, nafunika seli moja moja kwa kipande cha katoni, natazama mshale wa mita. Nikifunika seli iliyo hai, mshale unaanguka. Nikifunika iliyokufa, hausogei. Kisha kioo cha kukuzia. Fuwele za ndani zinaonekana kama vipande vya barafu, kila kimoja na rangi yake. Muzee Kambale, mkuu wa karakana, ndiye aliyenifundisha kasoro. Mstari unaotenganisha rangi mbili ni mpaka wa fuwele, umetoka kiwandani, hauna neno. Mstari unaokata rangi zote ni ufa.

Jumatano, 6 Machi
Nimefanya ubaya. Nililaza paneli ya zahanati ya Kibumba uani, kifudifudi juu ya mawe ya volkeno, nisafishe mgongo wake. Nikaegemea kwa goti. Nikasikia mlio mdogo.
Seli ya kumi na tisa ina mstari. Unakata rangi zote. Mshale ulishuka kidogo tu, nikajidai nimetulia. Nimeandika daftarini: mpaka wa fuwele. Mwandiko ulitoka mnyoofu kama siku zote. Hilo linaniogopesha zaidi.

Ijumaa, 8 Machi
Papa Saleh, dereva wetu, amepeleka paneli Kibumba. Ni ya friji ya chanjo za surua. Nilimfungulia lango. Nikalifunga nyuma yake.

Jumanne, 19 Machi
Friji ilipata joto. Chanjo zimetupwa. Wamama waliotoka mashambani na watoto mgongoni walirudishwa. Paneli imeletwa. Muzee alifunika seli ya kumi na tisa. Mshale haukusogea.
"Saleh, ulibeba paneli ao viazi?"
"Muzee, nilienda pole pole mpaka mbuzi zikanipita."
"Basi ilijipasua yenyewe? Huyu mutoto aliiangalia na kioo, akaandika. Yeye hadanganyi."
Amemwambia Papa Saleh aache funguo mezani na arudi kwake. Mimi nilikuwa nafagia. Niliendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.

Jumatano, 20 Machi
Sikula. Mama amedhani ni malaria.

Alhamisi, 21 Machi
Nimesema. Kwa kalamu, si kwa mdomo. Nilichukua daftari, nikakata maneno yale, nikaandika: ufa, tarehe sita, ni goti langu, niliuona. Nikampa Muzee.
Alisoma mara mbili. Alichukua kioo cha kukuzia mkononi mwangu, akakitia katika droo yake. Kisha akatoka kwenda kwa Papa Saleh, kwa miguu, jua likiwa kali.

Jumatatu, 25 Machi
Papa Saleh amerudi. Muzee amepima paneli nyingine mwenyewe, mimi nimeshika katoni tu. Ameniagiza nifuatane nayo, nimweleze muuguzi wa Kibumba kwa mdomo wangu.
"Jambo mama," alinisalimu Papa Saleh, kama siku zote anavyoita wasichana, akanitengea kiti cha mbele garini.
Njia nzima hakuniuliza kitu. Ningependa aulize.