Chumba Kinachoitwa Kalemie

Likasi, mtaa wa Kikula, mwezi wa nane 1995

Kwako Mama Madeleine, mama wa marehemu mume wangu,

Jambo sana, mama. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu huko Mwene-Ditu, na kwamba magoti yako yamepumzika sasa mvua imekwisha. Sisi hapa tuko wazima. Mjukuu wako Mamie ameota tena meno ya mbele, na anacheka kwa pua kama baba yake. Yuko kwa dada yangu siku ninazokuwa kazini.

Mama, sijasahau neno uliloniachia stesheni. Tulikuwa tumemzika Kalombo jana yake, naye alikuwa amekufa palepale akingoja treni pamoja na watu wote wa Kasai waliofukuzwa. Wewe ulikuwa umeshapanda. Ulinishika mkono ukasema nisivue nyeusi ya ujane mpaka urudi, au umtume mtu wa damu yake aniogeshe mtoni. Niliitikia. Lakini treni ilikwenda, na mtu hakuja. Sikulaumu, njia zenyewe unazijua.

Wewe pia ulivaa nyeusi zamani, unajua ilivyo. Mjane ambaye hajaogeshwa anakula pembeni, na watu hawampi mkono. Nilipokaanga mikate sokoni, wamama walisema nyeusi yangu inaingia ndani ya mafuta. Nikaacha mikate, nikarudi kwenye cherehani.

Ndivyo Marcelline alivyonipata. Huyu zamani alifua nguo kule Mwadingusha, kando ya ziwa, kwenye bandari ndogo ambapo wazungu wa migodi waliweka mashua zao. Walipoondoka walimwachia funguo za nyumba yao ya wageni. Alitafuta mshonaji mwenye mkono wa nguvu, atengeneze mapazia kwa vitambaa vya matanga ya mashua yaliyobaki. Alisema nyeusi yangu haimtishi, bora sindano iko na macho.

Mama, natamani ungeiona nyumba ile. Wameijenga kama meli. Madirisha ni ya duara, ngazi ina kamba badala ya mbao za kushikia, na juu ya meza ya kulia chakula pamening'inizwa usukani ambao haujawahi kuongoza kitu. Vyumba vina majina ya bandari. Mimi nililazwa Kalemie, kwenye kitanda cha mbao kilichobanwa ukutani, chembamba, cha mtu mmoja asiyegeuka. Asubuhi ukungu ulifunika ziwa, mwanga wa maji ukawa unacheza darini, na niliona wazi kwamba nyumba inakwenda. Polepole, bila kelele. Nililala bila kujitikisa ili isisimame. Nilimkumbuka Kalombo alivyokuwa akibandika vipande vya sabuni vilivyokwisha, kimoja juu ya kingine, mpaka tunapata sabuni mpya yenye rangi tatu. Sijui kwa nini nilikumbuka hilo na si jambo kubwa.

Wageni ni wachache: masista, wafanyabiashara wa samaki, mara moja injinia wa umeme kutoka Koni. Mapazia yalipokwisha, Marcelline aliniomba nibaki, nitunze vyumba, na Mamie aje kukaa nami. Ila akaongeza kwamba wageni wanaogopa kutandikiwa kitanda na mjane. Alisema hivi: “Minye nilifungua hoteli, haiko kilio.” Nilimjibu kwamba nyeusi hii si yangu, ni ya mama mkwe wangu, na siwezi kuivua bila yeye. Akanicheka, eti basi nimwandikie mama mkwe aje kutandika vitanda yeye.

Kabla sijaondoka alitaka tujaribu tanga nililolishona pia, la mashua ya mwisho inayoelea. Tulitoka asubuhi, sisi wawili, na hakuna kati yetu aliyejua kuendesha mashua. Upepo ulikuja kwa upande, mashua ikalala, tukaanguka. Maji yalinifika kifuani tu. Lakini nilikwenda chini kabisa, na nilipoinuka kitambaa cha kichwa kilikuwa kinaelea mbali, na nywele zangu ziko wazi mbele ya watu.

Ufukweni palikuwa na wamama wanaobanika samaki. Waliona mwanamke wa nyeusi akitoka majini kichwa wazi, pamoja na mwanamke mwenzake. Walidhani naogeshwa. Wakapiga vigelegele, wakakimbia na unga, wakanipaka kwenye paji la uso, na mmoja akafungua kitenge chake cha juu akanifunga nacho. Mzee wao aliuliza, nani hapa wa upande wa bwana? Marcelline, akitema maji, akajibu eti shemeji ni hii mashua, haikuomba ruhusa. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Wakaniita kwenye bakuli lao, bukari ya unga wa mahindi na samaki wa moto, na mikono yetu ilikutana humo ndani.

Sasa mama, ninachokuandikia ni hiki. Ningeweza kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni, na lilikuwa fupi. Nilinyamaza. Si woga, mama. Ni kwamba nilisikia njaa, njaa ya kweli, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, na sikutaka wanifukuze kwenye bakuli. Hakuna mtu wa nyumba yako aliyeniogesha. Nilijiacha niogeshwe na wasionijua.

Kitambaa kile cheusi cha kichwa nilikifuata majini, nikakikausha. Sikukichoma, kwa sababu si mimi wa kukichoma. Nakituma pamoja na barua hii kwa mkono wa Parfait wa reli. Ukikubali, kichome wewe mwenyewe pale alipozaliwa Kalombo. Ukikataa, mrudishie Parfait, nami nitajifunga nacho palepale stesheni, mbele ya watu, na nitakungoja tena bila kinyongo. Marcelline amesema chumba cha Kalemie hatampa mtu mpaka jibu lifike.

Mamie anakusalimu, na anauliza kama bado unaficha karanga ndani ya mto. Wasalimie wote wanaonikumbuka huko. Mungu akulinde, mama.

Mimi mtoto wako, ukinitaka,

Philomène