Mchanga wa Mariakani na Kaburi la Baba

Kiplombe, Jumamosi jioni. Mvua ilianza baada ya chakula cha mchana na imekatika sasa hivi. Baridi ya huku nilikuwa nimeisahau. Nimekaa jikoni kwa mama, daftari gotini, suruali imejaa udongo wa kaburi la baba. Nina huzuni, na nina hasira ambayo sijui niielekeze kwa nani.

Baba alifariki Jumanne. Mimi nilikuwa Mariakani, kule nyuma ya Mombasa, nikipima mawe. Nilipopata habari nilipanda gari moshi, nikasafiri na nguo zilezile za kazi, na nilipofika nyumbani jana, kaburi lilikuwa limeshaanza kuchimbwa.

Watu wakiniuliza kazi yangu huwa nababaika. Serikali hunilipa nisome mawe ya mchanga. Jiwe la aina hiyo zamani lilikuwa mchanga tu, ufukweni au kwenye mdomo wa mto, kabla hajakuwapo mtu wa kuukanyaga. Sisi hufuata tabaka moja baada ya jingine. Ukikuta juu ya jiwe mikunjo midogo iliyoinama sawasawa pande zote mbili, basi hapo maji yalikuwa yakienda na kurudi, mawimbi ya maji mafupi. Mikunjo ikilalia upande mmoja, maji yalikuwa yakienda njia moja. Nyufa za matope zinakwambia kwamba maji yaliondoka, jua likawaka. Bosi wangu anabisha kwamba lilikuwa ziwa, mimi nasema pwani, na tumebishana hivyo mpaka wapishi wa kambi yetu wametuchoka.

Wiki iliyopita niliona jiwe lenye vishimo vya matone ya mvua. Mvua ya alasiri moja tu, miaka isiyohesabika iliyopita! Niliita kambi nzima waje waione.

Alama hizo hubaki kwa sababu mchanga mwingine ulikuja upesi ukazifunika. Usipokuja, wimbi linalofuata hufuta kila kitu. Kwa hiyo tunachosoma kwenye jiwe ni ile saa ya mwisho kabla ya kufunikwa.

Saa ya mwisho ya baba siijui.

Mama anasema alikuwa akitengeneza ua wa ng'ombe, akaja akanywa chai, akauliza kama jua limetua. Ilikuwa mchana. Kisha akajilaza. Nimemuuliza tena na tena: alikuwa ameelekea wapi, alishika nini, alimtaja nani. Mwishowe alichoka nami.

"Mwangi, wacha kunichimba," akasema. "Mimi si mawe."

Niliondoka nikajificha nyuma ya zizi. Nililia hapo, ng'ombe wakinitazama.

Lakini niandike lile linalotusumbua. Baba alinunua hisa kwenye kampuni ya watu wa kwetu Murang'a waliokuja kuchukua shamba hili mzungu alipoondoka baada ya uhuru. Waligawana ploti kwa kuokota vikaratasi kwenye kofia, naye akaokota huku juu kwenye murram, udongo wa changarawe usiozaa vizuri, wenzake wakamcheka. Sasa amekuwa mtu mzima wa kwanza miongoni mwao kufa hapa. Wenye hisa wote wamekuja na majembe, na ile bidii yao si ya msiba peke yake. Wanaamini kwamba karatasi ya shamba inaweza kupotea, lakini aliyezikwa hapotei.

"Mtu wetu akilala hapa," mwenyekiti wao aliniambia jana, akinishika bega, "hakuna mtu atatusongesha tena."

Mama alimsikia. Alisimama mlangoni na sufuria mkononi, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mume wangu si bikoni."

Kila mtu hapa anaijua ile nguzo fupi ya simiti ambayo wapima ardhi huisimika mpakani. Mama anataka mwili upelekwe Murang'a. Wenye hisa wanataka hapa. Wanakubaliana kitu kimoja tu, kwamba mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo niseme mimi. Wazee wa kanisa wanakuja kesho baada ya ibada wakitaka jibu.

Asubuhi niliingia shimoni kuchimba na wengine, maana kusimama tu kulinishinda. Nikajikuta nasoma kuta. Udongo mweusi wenye mizizi, chini yake mwekundu, kisha murram, kisha jiwe la volkano lililooza. Hakuna dalili yoyote ya bahari. Nilikuwa nimeshika donge nikilivunja kwa kidole nione chembe zake, na ndipo nilipokumbuka niko wapi. Nilijichukia. Ni mtoto gani anayekagua kaburi la babake?

Mzee Kiprono alitukuta hapo. Ni jirani yetu Mnandi kutoka chini mtoni, na alikuja na jembe lake mwenyewe. Wenye hisa waliacha kuchimba wote kwa pamoja. Yeye hakujifanya hajaona.

"Mimi nilizaliwa hapa juu," aliniambia polepole, "kabla mzungu hajatuhamisha. Hiyo maneno iko, na itaongewa. Lakini leo sikuja kwa hiyo. Baba yako alikuwa ananisalimia kila asubuhi."

Akaingia shimoni akachimba mpaka mvua ilipotufukuza. Nilimwambia asante, na neno hilo lilikuwa dogo mno.

Tulifunika shimo kwa mabati, watu wakaenda makwao. Nikabaki na mama hapa jikoni. Nilimwambia kwamba nimeamua kukodi lori, tumpeleke baba Murang'a, wenye hisa waseme watakavyo. Nilidhani atafurahi. Nilidhani nimekuwa mwanaume.

Hakunitazama. Alichochea moto, akasema kwamba kule shamba liliuzwa ili hisa inunuliwe, na baba hakumuuliza. Kwamba tangu wahamie hapa hajawahi kutoa nguo zake zote kwenye sanduku. Nikageuka nikaliona, chini ya kitanda kilichoko pembeni humu jikoni, limefungwa kamba.

"Nilikuwa nangoja achoke na huku," alisema. "Turudi. Mkimweka hapa, mimi nitarudi na nani?"

Kumbe hakuwa akimpigania baba. Alikuwa akijipigania mwenyewe, peke yake, miaka yote hiyo, na mimi, ninayelipwa kutazama tabaka kwa tabaka, nilikuja likizo baada ya likizo nikala ugali wake nikaondoka. Tulilia wote wawili, hatukufichana.

Mvua ilipopungua alijitanda shuka akatoka. Nikamfuata. Alisogeza bati moja akachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Tulipohamia huku na lori, baba yako alitapika njia yote," alisema. "Sitamrudisha hivyo tena."

Nikamuuliza kama anamaanisha hapa. Aliniuliza kama nimekuja na tepu yangu ya kazini. Nikasema ndiyo, iko kwenye mkoba.

"Ilete. Upime na nafasi ya kaburi langu, kando yake, upande huu. Watu wa hisa wasije wakapanda mahindi hapo."

Nilitaka kukataa. Nilitaka kumwambia yeye bado ana nguvu, kwamba mambo hayo si ya leo. Lakini alikuwa ameshainama na kunyoosha mkono. Nikaenda nikaileta. Mama akashika ncha ya tepu, akapiga goti kwenye matope, akaniambia niivute vizuri isilegee.

Kesho nitawaambia wazee wa kanisa kwamba baba analala hapa, na kwamba neno hilo ni la mama, si langu wala la kampuni. Hilo nitaliweza.

Lakini Mariakani wananingoja. Nitaifunguaje tena tepu ile?