Dirisha Silifungi

Kenton, Jumatano, Januari 1969

Silii! Nimemwambia mama mkwe, nimemwambia daktari, na sasa naandika hapa: sililii Mombasa. Macho yananiwasha tu, yanachoma kama yametiwa pilipili.

Daktari hata hakuyatazama vizuri. Aliniuliza kama nina huzuni, akaniandikia vidonge vya usingizi. Nimevitia mkobani, na humo vitabaki.

Kiwandani ninakopakia biskuti macho hayanisumbui kutwa nzima. Nikifika nyumbani, nusu saa tu, machozi, na mama mkwe vivyo hivyo. Mbona sikufikiria mapema? Tulipohamia chumba hiki mama mkwe aliziba kila upenyo wa dirisha kwa magazeti, maana baridi hii ya Ulaya kwetu hatukuijua. Na hita ya mafuta ya taa inawaka humo humo ndani tangu asubuhi. Moshi utokee wapi?

Leo nimeyang'oa magazeti yote, nikafungua dirisha, nikanawa macho kwa maji baridi. Mama akapiga kelele, "Utatuua kwa baridi, mwanangu!"

Nikamvisha koti langu. "Afadhali baridi, mama. Koti tunalo."

Jioni hii macho yangu yametulia kabisa. Nilifurahi, nikageuka nimwoneshe mama.

Ya kwake bado yanatiririka, na hita nimeizima tangu mchana. Nimeketi karibu naye, tukajifunika koti moja.

Lakini dirisha silifungi.