Jiwe la Baba Bernadina

Malambo,
9 Machi 1975

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila vumbi la huku ninakofundisha limenigeuza rangi. Mguu wako unaendeleaje? Mahindi yameshika?

Juzi mzee Meitamei aliniuliza babu yangu alizikwa wapi. Nikajivuna: makaburi ya zamani ya misheni, Karatu, na jiwe lake lipo! Akauliza limeandikwa nini. Sijui, maana mara ya mwisho ulinipeleka kabla sijajua kusoma. Pasaka nakuja, nitakusomea.

Mwanao,
Antonia


Ganako,
20 Machi 1975

Mwanangu Antonia,

Marahaba. Mguu umepona, mahindi yameshika. Anayeandika ni jirani yetu Clemensi, basi usijibu mambo ya ndani.

Pasaka njoo ule, usije kunisomea. Mimi na shoga yangu Cresensia tumeingia darasa la watu wazima. Chaki ni nzito kuliko jembe! Baba alipofariki nilikuwa ndani nimejifungua wewe, na kwa mila zetu sikuruhusiwa kutoka kumzika. Inaniuma mpaka leo. Jiwe lake nitalisoma mwenyewe.

Clemensi anacheka. Nimemwambia aandike hivyo hivyo kwamba anacheka.

Mama yako


Malambo,
20 Agosti 1975

Mama,

Shikamoo. Tangu Pasaka barua zangu hujibu. Unaumwa? Au masomo yamekushinda, unaona haya? Wengi wanaacha, si aibu. Niambie, hata kwa mkono wa Clemensi.

Antonia


Ganako,
3 Novemba 1975

Mwanangu Antonia,

Marahaba, marahaba. Siumwi. Huu ni mkono wangu. Nilikaa kimya kwa kuwa sikutaka tena mkono wa mtu.

Jana, Siku ya Marehemu Wote, tulikwenda makaburini. Mawe yale ni mazuri, Antonia! Misalaba ina maua ya kuchongwa, na herufi zimezama mpaka ncha ya kidole inaingia. Zamani niliona mikwaruzo tu.

Nikalisugua jiwe letu, nikasoma polepole. Padre! Padre wa Kizungu! Siku zile jirani alinionyesha kaburi kwa kidole tu, tukiwa barabarani, nami nikakosea safu. Miaka yote namfagilia, namweleza baba habari za ng'ombe na ugomvi wangu na mawifi, kwa Kiiraqw, kumbe anayesikiliza ni padre. Cresensia alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi nililia. Nikapita jiwe kwa jiwe, hadi nikaliona neno nililofundishwa kuandika kabla ya yote: BERNADINA. Nikadhani ni kaburi langu. Nikasoma tangu juu: JOSEPHATI AMSI, FUNDI WA MAWE, BABA BERNADINA.

Mafundi wenzake walimwandika kama walivyozoea kumwita. Sikumzika, mwanangu, lakini nilikuwepo.

Nikasoma kwa sauti, nikarudia, watu wakajaa. Najivuna mno, na sioni haya kusema.

Krismasi njoo twende. Ukifika pale nyamaza kimya, mwalimu. Nitasoma mimi.

Mama yako,
Bernadina