Blanketi la Mama Liko Chini ya Marikani

S.L.P. 31,
Wamunyu, Machakos.
19 Machi 2000

Mpendwa Mama Mdogo Kaluki,

Kabla hata sijakuuliza hali, acha nilitoe hili ambalo sijamwambia mtu yeyote: nimelikata blanketi la mama. Lile la sufu, la kijivu lenye ukingo mwekundu, ambalo wazazi wa Mutinda walimletea walipokuja kumposa dada Wanza.

Nisamehe. Hujambo? Mgongo unaendeleaje na kazi ya kufua hapo hotelini? Huko kwenu Mombasa labda imenyesha. Sisi ni wazima, ila mvua bado, na mahindi tunachota chini kabisa ya gunia.

Vinyago havinunuliwi tena, kwa hiyo baba ameanza kutengeneza mbao za kupigia pasi. Tangu nimalize shule, mimi ndiye ninayezivalisha. Raho, mwenye duka la nguo mjini Machakos, aliagiza nne. Nilitia sponji ya godoro na juu kitambaa cha nailoni chenye maua, kwa sababu kilipendeza. Raho akaujaribu ubao mmoja kwa pasi ya makaa. Maua yakanata kwenye pasi, sponji ikabonyea na kunuka.

“Msichana,” aliniambia mbele ya wateja, “hii ni chapati mbichi. Nani anapiga pasi juu ya chapati?”

Watu walicheka, nami nikashindwa kuinua macho. Akasema nikileta nyingine kama hizo, baba asirudi dukani kwake.

Nikakumbuka ulivyonifundisha Krismasi: ndani sufu, haishiki moto haraka wala haibonyei, juu marikani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, ifuliwe kwanza isije ikanywea baada ya kupigiliwa misumari. Marikani nilipata. Sufu sikupata popote. Mablanketi ya sokoni nilichoma uzi wake, ukayeyuka. Sufu ya kweli ilikuwa lile blanketi sandukuni mwa mama, hajajifunika nalo hata siku moja. Nikajiambia hatalikumbuka, nikalikata na kuzivalisha upya mbao zote nne.

Raho alizipapasa zile mbao kwa kiganja, akazichukua zote, na zote zimeshauzwa. Baba alinisifu mbele ya wachongaji wenzake. Nilienda nyuma ya choo nikalia.

Jana mama akaniambia, “Kavutha, litoe lile blanketi ulianike. Wakwe wakija Pasaka wanikute nalo mabegani.”

Nilimjibu nimeshalianika. Mama Mdogo, wasipoliona watadhani tumeliuza, kwamba tumeidharau posa yao, na Wanza ndiye atakayeishi na maneno hayo. Mama akisogelea sanduku, namwahi kwa kumwita nje.

Nakusihi unitafutie jingine la kijivu. Nimetia kipande ndani ya bahasha ulinganishe rangi. Ukingo usijali. Niliukata kando, maana ungeacha mstari kwenye nguo, na bado ninao chini ya godoro langu. Nitaushona mwenyewe usiku mmoja tu.

Msalimie Baba Mdogo Onesmus na Mbula. Mungu akupe nguvu za mikono na akufikishe kwetu salama kabla ya Pasaka.

Usimwambie mama, wala Wanza, hata nitakapoolewa mimi. Ukifika nalo, liweke chini ya nguo zako, kisha uniite nje nikusaidie kuchota maji. Nitaelewa.

Mimi mwanao nikupendaye,
Kavutha Nzau