Vyuma Vilikuwamo

Sotik, Alhamisi, Machi 1971

Na vyuma vyote vilikuwamo. Leo tumelivunja hori la saruji ambamo tunawanyweshea ng'ombe maji ya chumvi, tukavikuta vimeliwa na kutu, vimevimba hadi vikaipasua saruji. Chumvi yetu wenyewe ndiyo iliyopenya na kuvila.

Jumapili nilisimama kanisani nikasema kwamba hori lile limepasuka kwa sababu fundi Kiprono alilijenga bila vyuma, akaviuza. Wazee wenzangu waliniamini, wakamnyang'anya kazi ya kujenga darasa jipya.

Leo Kiprono aliokota kipande kimoja, kikavunjika mkononi mwake kama biskuti.

"Mzee, ndicho hiki nilichokiuza?"

Jirani mmoja akacheka. "Labda mnunuzi amekirudisha."

Ningeweza kumwomba radhi palepale. Badala yake niliwaambia watu waende nyumbani kwa kuwa mvua inakaribia. Hapakuwa na wingu hata moja. Wote waliona, wakaondoka kwa heshima.

Jumapili nililitaja jina lake kwa sauti kubwa mbele ya mke wake na watoto. Leo nimeshindwa kulitaja hata kwa kumuaga.